Mioyo Isiyomo Kwenye Shajara

Khuwair ya Kusini, Maskati
Ijumaa, baada ya Alasiri

Mdogo wangu Reem,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, shemegi yangu Sinan, na mwanangu Noof, ambaye nasikia siku hizi anajibu watu wazima kama nilivyokuwa nikijibu mimi. Sisi huku, Alhamdulillahi, tu wazima, na mara hii neno hilo silisemi kwa desturi tu. Ndilo lililonikalisha kitako kukuandikia. Joto limepungua, usiku tunazima kiyoyozi na kufungua madirisha, na Asaad amerudia kugombana na paka wa jirani. Mume wangu akiwa na khofu huwa hagombani na mtu, kwa hiyo nikimsikia anamtukana paka najua mambo yametengenea.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Kwa sababu simu unaikata. Kila nikikuuliza khabari za kifua unanambia uko salama, mara mchuzi unaungua, mara Noof anakuita, mara mtandao mbaya. Barua haina pa kukatia. Tena nimempa Hamood ailete mwenyewe mkononi, na nimemwambia akae hapo mbele yako mpaka umalize. Mpe chai, lakini usimuulize kitu, maana kaka yetu unamjua, ataanza hadithi kutoka mwisho.

Ule ujumbe wa sauti ulionitumia Ramadhani nimeusikiliza mpaka nimeuhifadhi. Ulikuwa unapanda ngazi za hapo kwenu Michenzani na kikapu cha sokoni, ukikatika katikati ya maneno ili uvute pumzi. Ulipofika juu ukanambia, kwa kuchekacheka, kwamba kifua kinakubana, kwamba daktari wa hapo kasema ni mawazo tu, na kwamba wewe mwenyewe unajua ni nini: ni radhi ya Mama. Ukasema mtoto aliyemuua mama yake kwa huzuni hana uso wa kwenda kuomba dawa. Ukacheka tena. Mimi sikucheka, Reem. Nilikaa na simu mkononi nikiogopa kwamba utajiachia ufe kwa ajili ya hilo, na sikuwa na la kukujibu. Leo ninalo. Nakuomba usiruke kurasa kulitafuta, kwa sababu bila ya haya yanayotangulia hutaliamini.

Nianze na Hamood. Unajua kwamba mwaka jana alianguka uwanjani kule Hail, akicheza mpira na wenzake wenye vitambi, akazimia mbele ya watu wote. Hukuambiwa yote. Hospitali walimkuta kuta za moyo zimenenepa, si kwa presha wala kwa mafuta, bali kwa ugonjwa wa kurithi wa misuli ya moyo. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Hata wiki haikwisha, wakamtia kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, moyo ukienda kombo kinaustua. Nyumba ilijaa wageni, asali na dua. Alistahiki, sisemi kitu. Nataka tu uone mbio walizokwenda watu mwanamme alipoanguka.

Daktari wake wa wakati ule, mgeni wa nchi, akamwomba alete shajara ya familia, yaani mti wa nasaba, ili wote wa damu moja wapimwe. Kaka yetu, Mungu amweke, akaenda nyumbani kwa Ami Muslim, Madinat Sultan Qaboos, akaipiga picha shajara iliyotundikwa majlisini juu ya makochi, ile yenye matawi ya rangi ya dhahabu. Unaikumbuka. Inaanza na babu wa zamani kabisa na inamalizika na mtoto wa Hamood aliyekuwa bado anavaa nepi. Mimi simo, wewe humo, Mama hayumo, bibi zetu hawamo. Mtu akiitazama atadhani wanaume wa ukoo wetu walizaana wenyewe kwa wenyewe. Hamood hakufanya kwa ubaya. Kaulizwa shajara, kapeleka shajara. Kwetu hakuna nyingine. Daktari naye akaona majina mengi yaliyopangwa vizuri, akashukuru.

Basi Ami Muslim akawaita wanaume wote kwenye sabla, ule ukumbi wa ukoo tunaofanyia harusi na matanga, akawaamrisha waende kupimwa. Wakaenda kwa makundi, na kanzu zao zimepigwa pasi. Walirudi kama watoto waliofaulu mtihani. Ami Muslim na umri wake wote akaambiwa moyo wake ni wa kijana, na tangu siku hiyo hajapita mtu mbele yake bila ya kuelezwa. Wote wazima, hata mmoja hana kitu. Ami akatangaza kwamba la Hamood ni la kwake peke yake, limetoka kwa Mungu na limekwisha, akachinja mbuzi. Sisi wanawake tukapika. Nilipika pilau ya kuifurahia mioyo ya wanaume huku nikikaa kwenye kiti kila nikifunua sufuria, kwa sababu pumzi hainitoshi.

Hilo sikukwambia. Ilikuwa miaka sasa nikihema kwa kutandika kitanda. Nilikwenda zahanati, wakanambia ni umri, hedhi inakatika, nivumilie. Nikenda kwengine, wakanambia damu ndogo, nile ini. Wa tatu akasema pumu, akanipa dawa ya kuvuta. Wa nne akaniuliza kwa upole kama mume wangu ananitendea wema, maana dalili zangu ni za wasiwasi, na Asaad yumo mle mle chumbani ameshika mkoba wangu. Mpaka leo hajasamehe. Khalati Nawar, mama yetu mdogo, naye akasema ni jicho, akanipa kombe la zafarani ninywe. Nami niliwaamini wote, kwa sababu wao wengi na mimi mmoja, na kwa sababu nilikuwa nimeona ugonjwa wa moyo ulivyo: ulikuwa wa Hamood, na alianguka kwa kishindo. Mimi sikuanguka. Mimi nilikuwa nakaa tu.

Ikawa siku moja mke wa Hamood ana udhuru, nikamsindikiza mimi Hamood kliniki. Daktari yule mgeni kesharudi kwao, na mahali pake kaja Daktari Rawan, binti mdogo, bibi yake ni wa kwetu Unguja, ingawa Kiswahili chake kinatosha kuombea chai tu. Alitoka mlangoni kumwita Hamood akanikuta mimi nimeegemea ukuta wa ukumbi, natafuta pumzi. Akaniuliza mimi ni nani wake. Nikamwambia ni dada yake, baba mmoja mama mmoja, na asinishughulikie, huu ni utu uzima tu. Akauliza nilipimwa lini. Nikamjibu kwa mzaha kwamba mimi simo kwenye shajara.

Hakucheka hata kidogo. Alifungua faili la Hamood, akaitoa ile picha, akaigeuza huku na huku, akauliza wanawake wako wapi. Hamood akamweleza kwa fahari kwamba hii ni nasaba, na wanawake wamo kwenye shajara za waume zao. Nayo si kweli, maana kwenye ya kina Asaad pia simo, nimeshaitafuta. Yule binti akaondoka, akarudi na kiti cha magurudumu, akanisukuma mwenyewe mpaka kwenye chumba cha picha za moyo.

Moyo wangu ulikuwa kama wa Hamood, na zaidi. Ule unene ulikuwa umeziba mlango damu inapotokea, ndiyo maana nikiinuka naona giza. Daktari Rawan alinieleza taratibu, kwa Kiarabu, na nakuandikia kama nilivyoelewa. Ugonjwa huu wanaume na wanawake wanaurithi sawasawa. Lakini wanawake hugunduliwa wakiwa wamechelewa, umri umekwenda na moyo umeshachoka, na wengi wao huishia pabaya kuliko wanaume. Sababu moja ni kipimo: unene unaohesabika kuwa ugonjwa ni ule ule kwa mtu wa kimo cha Ami Muslim na mtu wa kimo changu, na moyo wa mwanamke ni mdogo, kwa hiyo unaweza kuwa umeshaharibika na namba bado inasema si mbaya. Sababu nyingine ni kwamba mwanamke akisema hana pumzi huambiwa ana wasiwasi. Alilisema hilo la mwisho kwa hasira, kama vile mimi ni mama yake aliyemzaa. Nikalia. Asaad alidhani nalia kwa khofu, maskini. Nililia kwa raha ya kuaminiwa.

Sasa kaa vizuri. Zile picha za Salalah nilizokutumia, za ukungu na majani mabichi na ngamia, zilikuwa za mwaka juzi. Siku zile nilipokutumia nilikuwa nimelala hospitali, nimepasuliwa kifua, wamenipunguza nyama ya moyo iliyozidi. Usikasirike. Ningekwambia ungefungwa na mawazo, na wewe ndiye niliyekuwa nikikuogopea kuliko nafsi yangu. Nilimuuliza daktari wa upasuaji kama ile nyama waliyoitoa ingefaa kwa mshakiki, akanitazama kama kwamba dawa ya usingizi haijanitoka. Maumivu yalikuwepo, sikufichi, wiki za mwanzo hata kukohoa ilikuwa kazi. Lakini juzi, Reem, nilipanda ngazi za nyumba ya Hamood mpaka darini bila ya kusimama. Nikateremka. Nikapanda tena. Watoto wake wakaniuliza nimesahau kitu gani juu. Nikawaambia sikusahau kitu, naonja tu.

Nilipopata nguvu Daktari Rawan akaniita, akauliza swali ambalo ukoo mzima hawakuliuliza. Kama upande wa baba wote wazima, hii imetoka wapi? Akataka watu wa upande wa Mama. Nikamwambia Mama amefariki, akauliza kwa maradhi gani, nikajibu kama tunavyojibu sote: huzuni. Akauliza kama yupo ndugu yake aliye hai. Yupo mmoja tu, Khalati Nawar, mdogo wake.

Ami Muslim aliposikia alikuja juu. Alisema mtoto ni wa babake, jina la babake na kabila la babake, vipi arithi maradhi ya watu wengine. Daktari Rawan akamjibu kwa adabu kubwa kwamba damu haijui habari za sabla. Mzee akanyamaza, na nadhani ni mara ya kwanza kumwona ananyamaza na kahawa haijaletwa.

Khalati akatolewa damu, na majibu yakatoka: ile kasoro iliyomo kwangu na kwa Hamood ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwake. Wao wawili, Mama na yeye, waliipata kwa mzazi wao. Kwa Khalati haijamfanya kitu cha maana, na daktari anasema wengine huwa hivyo. Mama hakuwa na bahati hiyo. Sisi tulikuwa tunamwona anakaa kila baada ya ngazi chache tukadhani ana uvivu, kisha tukadhani ana deko, kisha wewe ulipoolewa tukasema ana huzuni. Alikuwa hivyo hata kabla wewe hujazaliwa. Nimewauliza waliosoma naye Unguja.

Haya ndiyo yaliyotangulia. Sasa lenyewe.

Unakumbuka ulivyoondoka. Mama alikuwa hataki kusikia mtoto wake akaishi Unguja, mahali alipokimbia yeye na watu wake bila ya viatu, na aliapa mbele yetu sote kwamba siku utakayomfuata Sinan huko, yeye kiwanja cha ndege hataonekana. Na kweli hakuonekana. Ukasubiri mpaka mwisho, ukaingia ndani unalia. Baada ya miezi akafariki. Ulipofika kwa khitma ukawasikia wanawake kwa masikio yako wakisema Reem kamuua mama yake, ukaondoka siku ile ile, na Maskati hujaikanyaga tena.

Khalati Nawar aliposomewa majibu yake hakuuliza chochote kuhusu nafsi yake. Alimuuliza daktari kama maradhi haya yanaweza kumkata mtu pumzi bila ya kuwa na huzuni. Daktari akamwambia ndiyo, hata siku ya furaha. Akamwomba arudie. Akarudia. Tukaenda kwenye gari, na pale kwenye maegesho ya hospitali akanizuia nisiondoke, akanieleza jambo alilokaa nalo miaka yote hii.

Siku uliyosafiri, Khalati alikuwa kwa Mama. Mama aliamka asubuhi kimya, akaoga, akajifukiza udi, akavaa abaya yake mpya. Akachukua bakuli la halwa alilomwagiza mtu tangu jana yake. Khalati akamuuliza unakwenda wapi, akamjibu kwa ukali, wendapo mama wa mtu anayesafiri. Akaanza kuteremka ngazi. Katikati ya ngazi miguu ikakataa. Akakaa. Khalati alimkuta amekumbatia lile bakuli, midomo imekuwa ya buluu, hawezi kwenda juu wala chini. Walikaa pale kitako wote wawili, na kila Mama akijaribu kuinuka anarudi chini. Khalati akatoa simu akupigie kiwanjani. Mama akamshika mkono. Khalati anasema hajui nguvu zile alizipata wapi. Akamwambia hivi, nakuandikia kama nilivyoambiwa: "Usimpigie. Akijua atarudi, nnamjua mwanangu. Muache ende kwake. Mie nimeshamridhia."

Akamwapisha asiseme. Na baada ya matanga Khalati angeweza kusema, lakini naye aliamini wanawake wale. Aliamini kwamba ilikuwa huzuni iliyomkalisha dada yake kwenye ngazi, akaona akikwambia atakuwa amekuzika na wewe. Alikuwa anakuhifadhi. Mpaka daktari alipomwambia ni nyama ya moyo ndipo alipoona kwamba neno lile la Mama linaweza kutoka. Alilia mpaka kioo cha gari kikaingia ukungu, na mimi pamoja naye, kisha tukacheka, kwa sababu aliniambia ile halwa ililiwa na Ami Muslim, tena akailalamikia kwamba hiliki ni kidogo.

Basi radhi ya Mama unayo, Reem. Umekuwa nayo tangu kabla ndege yako haijaruka. Aliyoapa aliyaapa kwa khofu, na siku yenyewe ilipofika alivaa aje kwako. Kilichomzuia ni misuli minene tu kifuani mwake, na ninavyokusikia ukipanda ngazi, nakhofu ndicho hicho kinachokubana wewe. Hakuna anayekuadhibu. Ni nyama, na nyama inatibika. Mimi niliyekuandikia barua hii nimetibiwa.

Daktari Rawan anakungoja. Ukishindwa kuja na Hamood, basi Sinan akupeleke Dar es Salaam kwenye hospitali ya moyo, na lile jina la ugonjwa Hamood analo kwenye karatasi, mwonyesheni daktari kabla hajapata nafasi ya kukwambia mawazo. Mpaka hapo kikapu cha sokoni achukue Sinan. Na Noof apimwe pia, usimwache eti kwa kuwa ni msichana, au eti kwa kuwa ni wa ukoo wa kina Sinan.

Khalati Nawar anakusalimu sana na anasema umsamehe. Asaad anakusalimu. Hamood yuko mbele yako, salamu zake chukua mwenyewe. Ami Muslim anakusalimu, ameniuliza unarudi lini, na anaona haya kuuliza zaidi. Wapige busu wote wa hapo, na wewe nakukumbatia kwa nguvu, kifua kimeshapona, naweza.

Wasalaam,
Dada yako akupendaye,
Shaikha